Bega Lajuaje Mahali Lilipo?

Msimamizi wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu ameketi mahali ambapo anaweza kunyosha mikono bila kumpiga jirani yake usoni, maana leo tutafanya kazi ya mikono kabla ya kazi ya kusoma. Nanyi mnaosoma karatasi hii nyumbani, fanyeni vivyo hivyo.

Haya basi. Fumba macho. Usichungulie. Inua mkono wako wa kulia pembeni, taratibu, mpaka uwe sawasawa na bega. Uache hapo hapo. Sasa nakuuliza: mkono wako uko wapi? Utanijibu, "Uko huku pembeni, umenyoka." Vema. Umejuaje? Hukuuona, maana umefumba macho. Hukuusikia, kwa kuwa mkono hausemi. Hukuunusa wala hukuuonja. Pengine utasema umeugusa. Lakini mkono wenyewe haukugusa kitu ila hewa. Hata hivyo wajua ulipo. Tena nikikuambia uguse ncha ya pua yako kwa kidole, utaigusa bila kujichoma jicho. Jaribu sasa. Kisha fumbua macho, tuendelee.

Tangu utoto tunafundishwa kwamba mtu ana hisi tano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Hesabu hiyo si mbaya kwa kuanzia, lakini ina upungufu. Hisi uliyoitumia sasa hivi haimo ndani yake. Ni hisi inayokuambia viungo vyako vimekaaje na vinakwenda upande gani, hata gizani. Mwaka 1826 daktari mmoja wa Scotland, jina lake Charles Bell, aliandika kwamba kati ya ubongo na misuli kuna njia za pande mbili: moja hupeleka amri, nyingine hurudisha habari za hali ya misuli. Baadaye, mwaka 1906, Mwingereza Charles Sherrington aliieleza hisi hiyo kwa mapana zaidi na kuipa jina la kitaalamu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa kazi yake juu ya mishipa ya fahamu. Jina lake la kitaalamu ni refu na halitatusaidia hapa. Sisi tutaiita hisi ya viungo, na kila mmoja ataelewa.

Kila kiungo cha mwili kina hisi hiyo, tangu taya mpaka kidole cha mguu. Mbona basi leo tunasema juu ya bega peke yake? Kwa sababu bega ndilo kiungo kinachoitegemea kupita vyote, na likiikosa hupata taabu ya namna yake.

Tazama jinsi bega lilivyoundwa. Nyonga yako ni kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja kimezama katika shimo lenye kina, nacho hakitoki kwa urahisi. Bega si hivyo. Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani cha kikombe, kisha usimamishe kisahani wima. Chungwa litaanguka. Basi bega ndivyo lilivyo: kichwa cha mfupa wa mkono ni chungwa, na kombe la bega, yaani ule mfupa mpana ulio mgongoni, lina kisahani kidogo tu cha kukipokea. Kisahani hicho hakifuniki hata nusu ya chungwa. Ni kwa ajili hiyo twaweza kuzungusha mkono kila upande, kufika mgongoni na juu ya kichwa, kutupa wavu, kupanda mnazi, kutwanga na kubeba mtoto. Hakuna kiungo kingine mwilini kilicho na uhuru kama huo.

Lakini uhuru huo una gharama yake. Kinachozuia chungwa lisianguke ni mfuko wa nyama ngumu unaozunguka kiungo, pamoja na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kukishika kichwa cha mfupa kama vidole vinavyoshika tunda. Misuli hiyo yapaswa kukaza na kulegea kwa wakati wake, kila mkono unaposogea. Nayo itajuaje wakati wake kama haipati habari? Mtu anayeshika usukani wa jahazi usiku lazima asikie upepo unatoka wapi. Misuli ya bega ni hivyo hivyo. Bila habari, nguvu peke yake haifai kitu.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana wengine wenu mnapenda hesabu kuliko kusoma. Duara hugawanywa katika sehemu 360 zilizo sawa, na kila sehemu huitwa digrii moja. Tuseme mkono wako, toka bega mpaka ncha ya kidole, una urefu wa sentimeta 70. Ukiuzungusha duara nzima, ncha ya kidole itakwenda safari ya sentimeta 440 hivi. Gawa kwa 360. Utapata sentimeta 1 na kitu kidogo. Maana yake ni kwamba bega likikosea digrii moja tu, kidole kimekosea zaidi ya sentimeta moja. Likikosea digrii tano, kidole kimekosea sentimeta sita. Hapo kikombe cha chai kimekwisha kumwagika, na mwenye kutia uzi katika sindano hataupata mchana wote! Kiungo cha ncha ya kidole kikikosea digrii tano, hasara ni ndogo sana, maana kilichobaki mbele yake ni kifupi. Kwa hiyo si ajabu kwamba bega ni hodari zaidi. Mwaka 1983 watafiti wawili, Hall na McCloskey, walipima watu kwa kuwasogeza viungo taratibu bila wao kuona. Walikuta kwamba, ukihesabu kwa digrii, bega na kiwiko hutambua mwendo mdogo kuliko kidole. Wengi wetu tungedhani kidole ndicho mwerevu.

Habari hizo zatoka wapi? Hapo wataalamu wenyewe walibishana miaka mingi. Wengi walidhani zinatoka ndani ya kiungo, pale mifupa inapokutana. Ndani ya mfuko wa bega kweli mna ncha nyingi za mishipa ya fahamu. Lakini ndani ya misuli nako mna vyombo vidogo sana, virefu kwa milimeta chache tu, vyembamba pande zote mbili na vinene katikati kama kokwa ya tende. Kila kimoja kimezungushiwa ncha ya mshipa wa fahamu, kama uzi uliozungushwa kijitini. Msuli ukivutwa ukarefuka, kokwa hiyo huvutwa pamoja nao, na mshipa hupeleka habari: "Tumerefushwa kiasi hiki, na kwa mwendo huu." Msuli ukijikunja, habari hupungua. Tena penye kano, yaani pale msuli unapoungana na mfupa, kuna vyombo vingine vinavyopima uzito wa mvuto. Hivyo viligunduliwa na Mtaliano Camillo Golgi katika karne ya 19.

Ubishi huo ulipata jibu zuri mwaka 1972. Wataalamu watatu, Goodwin, McCloskey na Matthews, walichukua mashine ndogo inayotetemeka kama mara 100 kwa sekunde, wakaiweka juu ya kano ya msuli wa mkono. Mtu alikuwa amefumba macho, mkono wake umetulia kabisa. Na bado alisema mkono unakwenda! Mtetemo ulikuwa umezidanganya zile kokwa zikadhani msuli unarefuka, nazo zikapeleka habari za uwongo kwa ubongo, na ubongo ukaamini. Kama habari zingetoka kwenye kiungo tu, mtu asingedanganyika, maana kiungo hakikusogea. Mwaka 1988 mtaalamu mwingine, James Lackner, aliwaambia watu washike pua zao kwa vidole, kisha akatetemesha misuli ya mikono yao. Ubongo ukaambiwa mkono unakwenda mbali na uso, na huku vidole vingali vimeshika pua. Ukatoa hukumu gani? Wengine walihisi pua zao zinarefuka! Mimi nimesoma habari nyingi za mwili wa mtu, lakini hii bado hunichekesha.

Basi twajua kwamba misuli ndiyo hutoa sehemu kubwa ya habari. Hata mtu aliyekatwa nyonga mbovu na kuwekewa ya chuma, bado anajua mguu wake ulipo. Mfuko wa kiungo hutoa habari hasa mkono unapofika mwisho wa njia yake, pale unapovutika sana. Yaani ni mlinzi wa mpakani. Shika maneno hayo, tutayahitaji baadaye.

Tumetaja mtetemo mara kadhaa. Sasa tuutazame wenyewe, kwa sababu kuna hisi yake pia. Daktari ana chuma chenye meno mawili, kama uma wa kulia chakula uliokatwa meno mengine. Huitwa uma wa sauti. Ulibuniwa mwaka 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza, kwa ajili ya kulinganisha sauti za ala za muziki. Daktari haimbi nao. Huugonga ukatetemeka, mara nyingi mara 128 kwa sekunde, halafu huweka kitako chake juu ya mfupa ulio karibu na ngozi: kidole gumba cha mguu, kifundo cha mguu, goti, kiwiko, mtulinga, au ule mfupa mgumu ulio kwenye ncha ya bega. Kisha huuliza, "Unasikia unatetemeka? Niambie utakapokoma." Ukisema umekoma, na yeye anausikia bado kwa mkono wake, hilo ni jambo la kuandika katika karatasi yako.

Kwa nini juu ya mfupa? Kwa sababu mfupa huuchukua mtetemo na kuusambaza, na nyama laini huumeza. Waweza kujionea mwenyewe kwa simu ya mkononi. Iweke simu katika hali ya kutetemeka bila mlio, mwenzako aipige, na wewe uiweke juu ya ncha ya bega lako. Halafu ihamishe kwenye nyama ya mkono, chini ya bega. Tofauti utaihisi. Hicho si kipimo cha daktari, ni cha kujifunza tu.

Vyombo vinavyopokea mtetemo viligunduliwa na Mtaliano mwingine, Filippo Pacini, mwaka 1831, wakati akali mwanafunzi anayejifunza udaktari. Alikuwa akipasua mkono wa maiti akaona vitu vidogo vyeupe, kama milimeta moja kwa urefu, vimeshikamana na mishipa ya fahamu. Ukikata kimoja na kukitazama kwa darubini utaona matabaka mengi, moja juu ya jingine, kama kitunguu. Matabaka hayo ndiyo siri yake. Ukikibonyeza na kushikilia, hutoa habari mara moja, kisha hunyamaza. Ukiachilia hutoa tena. Hakijali kitu kilichotulia, hujali mabadiliko tu, na mtetemo ni nini kama si mabadiliko yasiyopumzika? Vyombo hivyo viko kwa wingi katika vidole na viganja, na vichache zaidi katika ngozi ya bega. Lakini viko pia karibu na mifupa na ndani ya mifuko ya viungo, kwa hiyo bega nalo lasikia. Huyo Pacini ndiye aliyeona vijidudu vya kipindupindu kwa darubini huko Florence mwaka 1854, na watu hawakumsikiliza kwa miaka mingi. Lakini hayo ni ya somo jingine.

Pengine utauliza: hisi ya viungo ni kitu kimoja, na hisi ya mtetemo ni kitu kingine, mbona mwalimu anazichanganya? Nimezichanganya kwa sababu zinasafiri pamoja. Kutoka bega, habari zote mbili hupita katika mishipa minene, ikaingia kwenye ugwe wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo, pale shingoni. Humo hupanda kwa njia moja, upande wa nyuma wa ugwe, mpaka chini ya ubongo. Hapo huvuka upande wa pili. Habari za bega la kushoto hufika ubongo wa kulia, na za kulia hufika wa kushoto. Mishipa hiyo minene ina mbio: habari hukimbia mita 60 kwa sekunde, na pengine zaidi.

Habari za maumivu na za moto na baridi zina njia nyingine. Nyingi hupita katika mishipa myembamba, na iliyo ya polepole kabisa huenda kama mita moja tu kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole cha mguu, kwanza wajua umejikwaa, kisha baada ya kitambo ndipo maumivu makali yanakuja. Tena habari hizo huvuka mapema, mara tu zinapoingia katika ugwe. Aliyeonyesha hayo katikati ya karne ya 19 alikuwa mtu wa bahari yetu hii ya Hindi: Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817. Alionyesha kwamba ugwe ukikatwa nusu upande mmoja, kama kwa kisu, mtu hupotewa na hisi ya viungo na mtetemo upande ule ule uliokatwa, lakini maumivu na joto hupotea upande wa pili.

Sasa waelewa kwa nini daktari husogeza kidole chako huku umefumba macho, kisha huchukua uma wa sauti, kisha huchukua kitu cha ncha kali na kitu cha baridi. Hachezi. Anatafuta ni njia gani iliyoziba. Katika ukoma, kwa mfano, mara nyingi kinachotangulia kupotea ni kuhisi joto na maumivu katika ngozi, na hisi ya viungo hubaki. Katika kaswende iliyoachwa miaka mingi bila dawa, njia ya nyuma ya ugwe yaweza kuharibika, na mgonjwa hujua miguu iko wapi kwa kuitazama tu. Wagonjwa wa namna hiyo huyumba au kuanguka asubuhi wanaponawa uso, kwa kuwa wamefumba macho. Kukosa vitamini B12 huharibu njia hiyo hiyo. Vitamini hiyo imo katika nyama, samaki, maziwa na mayai, wala haimo katika mboga. Tena wazee wengine hula nyama na tumbo lao lisiipokee. Ikitambuliwa mapema, dawa ipo. Ikichelewa, huenda kilichopotea kisirudi chote. Na ugonjwa wa kisukari huanza kuiba hisi ya mtetemo miguuni, kwenye vidole, kabla ya kupanda juu. Bega hubaki salama muda mrefu. Kwa hiyo daktari aweza kuweka uma wa sauti kwenye bega au mtulinga kwanza, ili ujue mtetemo unafananaje, halafu ashuke mguuni na kukuuliza kama ni sawa.

Je, mtu akipotewa na hisi hiyo yote inakuwaje? Jambo hilo ni nadra sana, lakini limetokea. Mwaka 1971 kijana wa Kiingereza wa miaka 19, Ian Waterman, aliyekuwa akikata nyama katika kisiwa cha Jersey, aliugua homa. Ugonjwa huo ukaharibu mishipa yake minene kutoka shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa na nguvu zake zote. Maumivu na joto alivihisi. Lakini hakujua mikono wala miguu yake ilipo asipoitazama, na mikono ilipaa yenyewe kama mali isiyo na mwenyewe. Hakuweza hata kuketi. Akajifundisha, mwezi baada ya mwezi, kufanya kila jambo kwa macho: kuketi, kusimama, kula, kutembea. Akafaulu, akafanya kazi, akaishi maisha yake. Ila taa zikizimika ghafula, huanguka. Daktari Jonathan Cole aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1991.

Sasa turudi kwetu, kwa watu wanaotumia mabega yao kupata riziki.

Mtu aweza kuteguka bega kwa kuanguka mnaziani, au kwa kuvutwa na kamba ya chombo, au uwanjani katika mpira. Mara nyingi sana kichwa cha mfupa hutokea mbele. Jambo la kwanza: asivutwe na kila mwenye nguvu. Ni kweli kwamba Hippocrates, mganga wa Uyunani, alieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita jinsi ya kulirudisha bega kwa kutia kisigino kwapani na kuvuta mkono. Siku hizi madaktari wana njia za upole zaidi. Karibu na kwapa hupita mishipa ya damu na ya fahamu, na mfupa waweza kuwa umevunjika pia. Ufunge mkono kwa kitambaa jinsi ulivyo, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo na baada ya hapo, mguse pole pole upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega, pale askari anaposhona alama ya cheo chake. Je, ahisi sawa na upande wa pili? Kama pamekufa ganzi, mwambie daktari, maana kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo ambao huumia bega linapoteguka.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike somo hili. Bega limerudishwa, wiki zimepita, maumivu yamekwisha. Kijana husema, "Nimepona," akarudi kutupa wavu. Siku moja anainua mkono pembeni na kuupeleka nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe, na bega linateguka tena. Halafu tena. Halafu hata usingizini. Watu husema lina mkosi, au halikufungwa barabara. Lakini kumbuka yule mlinzi wa mpakani. Bega lilipotoka, mfuko wake ulipasuka au kulegea, pamoja na ncha za mishipa ya fahamu zilizomo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, Smith na Brunolli, walipima watu walioteguka bega moja, wakalinganisha na bega lao zima. Bega lililoteguka lilichelewa kutambua kwamba linasogezwa, na lilikosea zaidi kurudi mahali lilipowekwa. Maumivu kwisha si dalili kwamba hisi imerudi. Na kijana yumo hatarini zaidi kuliko mtu mzima, maana kadiri mtu alivyo mdogo wa umri anapoteguka mara ya kwanza, ndivyo inavyoelekea litamteguka tena. Wengine huhitaji kupasuliwa ili mfuko ukazwe, na hilo ni la daktari kuamua.

Habari njema ni kwamba hisi ya viungo hufundishika. Daktari akikuruhusu kuanza, waweza kusimama mbele ya ukuta, kuweka kiganja ukutani kwa urefu wa bega, na kuegemeza uzito kidogo kidogo, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Ukizoea, weka mpira kati ya kiganja na ukuta, uuzungushe duara ndogo. Baadaye kiganja juu ya meza, na uzito zaidi. Mwisho, fanya hayo hayo umefumba macho. Nia yake si kujaza misuli. Kazi ya kiganja kilichoegemea ni kuyaamsha yale makokwa na kuwafundisha walinzi kupiga kelele mapema. Kurusha na kutupa hungoja mpaka mwisho. Mvuvi mwenye watoto wanne hafurahii kuambiwa angoje, najua, lakini akiteguka kila msimu atakosa siku nyingi zaidi.

Jambo la tatu ni kwa wale wenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani. Mkono uliopooza huenda umepotewa na hisi ya viungo pia. Mgonjwa aweza kuulalia asijue, au ukanasa katika mlango. Misuli inayoshika chungwa juu ya kisahani imelegea, kwa hiyo ukimwinua mzee kwa kuvuta mkono huo au kwa kumshika makwapani, waweza kulitoa bega lake au kulitia maumivu ya miezi mingi. Mshike kwa nyuma, penye kombe. Aketipo, mkono ulale juu ya mto. Mfundishe kuutazama kabla ya kugeuka.

Na wale wanaofanya kazi kwa mashine za kutobolea mwamba au misumeno ya mashine, mkumbuke kwamba mtetemo wa siku nyingi waweza kuua vidole ganzi na kuvifanya vyeupe wakati wa baridi. Daktari Alice Hamilton aliyaona hayo mwaka 1918 kwa wachonga mawe wa Indiana, Marekani. Pumzisheni mikono kila mara, na msikaze mashine kuliko inavyohitajiwa.

Kazi ya darasa ni hii. Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja asimame ubavu wake ukielekea ukuta, umbali wa hatua moja ndogo nyuma yake, mkono unaotazama ukuta ukiwa mbele, macho amefumba. Aliyewahi kuteguka bega asifanye zoezi hili, awe mwandishi. Mwenzake amwinue mkono taratibu mpaka mahali fulani, aweke alama ya chaki ukutani penye ncha ya kidole, ahesabu mpaka tano, kisha aushushe. Sasa aliyefumba macho aurudishe mkono mwenyewe pale pale. Weka alama ya pili. Pima kwa rula nafasi iliyo kati ya alama mbili, uandike katika daftari kwa sentimeta. Fanyeni mara tano, jumlisheni, gawanyeni kwa tano. Hilo ndilo kosa lako la kawaida.

Halafu chukua ndoo ya maji, uibebe kwa mkono huo huo mpaka bega lichoke kweli, na upime tena mara tano. Mwaka 1998 watafiti waliona kwamba bega lililochoka huchelewa kutambua mwendo wake. Linganisheni tarakimu za kwanza na za pili, na kila mmoja aandike sentensi tatu: ni kazi gani yake ya kila siku huifanya bega likiwa limechoka, huifanya saa ngapi, na angeweza kuihamishia saa gani. Msimamizi wa darasa atazikusanya kabla ya somo lijalo.